Mkono Unaotetemeka na Swali la Hiari

Ubongo mdogo, unaoitwa pia serebelamu, umekaa kisogoni, chini ya sehemu ya nyuma ya ubongo mkubwa na nyuma ya shina la ubongo. Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 150 hivi, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Kazi yake iliyochunguzwa zaidi ni kuratibu mwendo: kupima nguvu ya kila msuli, kupanga upi utangulie na upi ufuate, kuulinda mwili usipepesuke, na kuufikisha mkono pale ulipokusudiwa bila kupitiliza wala kupungukiwa. Hauanzishi mwendo wenyewe. Aliyeharibikiwa na ubongo mdogo hapoozi. Anaweza kunyanyua, kushika, kutembea na kusema, ila hayo yote humtoka yakiyumba. Ukiwa mzima, mwenyewe hana hata habari kwamba upo.

Hapo ndipo anatomia inapokutana na swali la kale la wanafalsafa na wanazuoni wa dini. Mtu anapouinua mkono kwa hiari yake, ni kipi hasa katika tendo hilo kilicho chake? Anachojua ni kwamba alitaka kuuinua na kwamba umeinuka. Baina ya kutaka na kuinuka pana kazi kubwa asiyoiamuru, asiyoihisi, na asiyoweza kuieleza hata akibanwa. Ikiwa kazi hiyo si yake, basi sehemu kubwa ya tendo si yake. Na ikiwa ni yake, ni yake kwa namna gani ilhali hakuikusudia?

Wanazuoni wa Kiislamu walilivaa swali hili mapema. Jabria walishikilia kwamba mja hana lake, matendo yanapita kwake tu. Mu'tazila walisema mja ndiye anayeyaumba matendo yake, la sivyo hukumu na adhabu vingekuwa dhuluma. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad karibu na mwaka 936, alitafuta njia ya kati, na mafundisho yake ndiyo yaliyoenea baadaye kwa Sunni wengi wa madhehebu ya Shafi, pamoja na wale wa pwani ya Afrika Mashariki: tendo huumbwa na Mungu, na mja hulichuma. Uchumaji huo ndio kasbu. Hoja yake dhidi ya Jabria ilianzia mwilini. Kila mtu anajua bila kufundishwa tofauti kati ya mkono unaotetemeka kwa maradhi na mkono unaokwenda na kurudi kwa kutaka kwa mwenyewe. Wa kwanza umelazimishwa, wa pili ni wa hiari, na anayeikana tofauti hiyo anakana kitu anachokiona nafsini mwake. Imamu Ghazali (1058–1111) aliirudia hoja hiyo katika kitabu chake cha itikadi, al-Iqtisad fi al-I'tiqad.

Ni hoja nzuri, kwa kuwa haimtaki mtu akubali chochote isipokuwa kile alichokwisha kukionja mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba inaigawa miendo yote mafungu mawili, ya kutetemeka na ya kutaka, na ubongo mdogo ukiugua huzaa mwendo ambao ni vyote viwili kwa pamoja. Mwendo huo hauwezi kueleweka bila kuujua kwanza muundo wa kiungo chenyewe.

Ubongo mdogo una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, zilizounganishwa na ukanda mwembamba wa katikati uitwao vamisi. Gamba lake limekunjwakunjwa kwa mikunjo myembamba iliyolala sambamba na kubanana kuliko ile ya ubongo mkubwa, kiasi kwamba likikunjuliwa lote eneo lake hukaribia asilimia 80 ya eneo la gamba la ubongo mkubwa. Chini ya gamba mna nyuzi nyeupe, na ndani kabisa mna viini vinne kila upande. Kikubwa kati ya hivyo huitwa dentati. Karibu kila kinachotoka katika ubongo mdogo hupitia kwenye viini hivi. Mihimili mitatu ya nyuzi kila upande huushikiza kwenye shina la ubongo. Mhimili wa chini huleta hasa habari za uti wa mgongo na sikio la ndani: viungo viko wapi, kichwa kimeinamia wapi. Wa kati, ulio mnene kuliko yote, huleta nakala ya mipango inayoandaliwa na ubongo mkubwa. Wa juu ndio mlango mkuu wa kutokea, kuelekea thalamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, na kutoka huko hadi kwenye gamba la ubongo mkubwa.

Kikazi, sehemu ndogo iliyo chini, iliyofungamana na sikio la ndani, hushughulikia usawa wa mwili na utulivu wa macho. Vamisi na kando zake hushughulikia kiwiliwili na miguu. Nusu mbili za pembeni, ambazo kwa binadamu zimepanuka sana, huandaa miendo ya ustadi ya mikono na ya ulimi. Nusu ya kulia huhudumia upande wa kulia wa mwili, kinyume cha desturi ya ubongo mkubwa, kwa kuwa njia zake huvuka katikati mara mbili.

Maajabu makubwa yako kwenye seli. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Brazil ilionyesha kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo. Nyingi mno ni seli za punje, miongoni mwa seli ndogo kuliko zote za mfumo wa neva. Nyuzi zake hupanda hadi juu ya gamba, hugawanyika pande mbili, na kupita sambamba katikati ya matawi ya seli za Purkinje, zilizoelezwa mwaka 1837 na Mcheki Jan Purkinje. Seli moja ya Purkinje hupokea taarifa kutoka kwa nyuzi sambamba laki moja na zaidi. Lakini kutoka katika olivu ya chini, kiini kilichomo katika shina la ubongo, hupata uzi mmoja tu, unaoipanda na kuizinga. Uzi huo hupiga kwa wastani mara moja hivi kwa sekunde. Nadharia iliyojengwa na David Marr mwaka 1969 na James Albus mwaka 1971 inausoma mpigo huo kuwa ndio mwalimu, na kwa wengi waliowafuata mwalimu huyo anachotangaza ni kosa: mwendo haukwenda ulivyokusudiwa. Mwaka 1982 Masao Ito wa Japani na wenzake walionyesha kwamba nyuzi sambamba zilizokuwa zikifanya kazi wakati ule mpigo ulipofika hudhoofika katika muunganiko wake na seli ya Purkinje, na udhoofu huo hukaa. Mkono basi hufunzwa kwa kiasi kikubwa kwa kupunguziwa kile kilichoupotosha.

Ito huyohuyo alikuwa ameshagundua jambo jingine katika miaka ya 1960. Seli ya Purkinje ndiyo njia pekee ya kutokea katika gamba la ubongo mdogo, na kila inaposema, inasema kwa kuzuia. Gamba lote lile, pamoja na mabilioni yake ya seli, halina namna ya kuviambia viini vilivyo chini yake "fanya". Linaweza tu kukaza na kulegeza kizuizi, na mwendo laini hutokana na kizuizi kulegezwa mahali pake na kwa wakati wake. Mwenye hamu ya falsafa huvutiwa hapa kuyaunganisha haya na jaribio la Benjamin Libet la mwaka 1983, aliyepima dalili za ubongo zikitangulia kujitambua kwa mtu kwamba anataka kutenda, kisha akatetea kwamba bado mtu ana nafasi ya kulikataa tendo kabla halijafika kwenye misuli. Mvuto huo hauna msingi. Kizuizi cha seli ya Purkinje hakimkatazi mtu jambo, kinaupima mwendo aliokwisha kuutaka. Mjadala wa zama hizi umelikodolea macho mno swali la Libet, la nani aliyeanza, ukaisahau kazi inayofuata baada ya kuanza.

Wa kwanza kuitenga kazi hiyo kwa majaribio ya wazi alikuwa Mfaransa Pierre Flourens, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1824. Aliuondoa ubongo mdogo wa njiwa kipande baada ya kipande. Kadiri ulivyopungua, ndege alianza kuyumba, akashindwa kuruka, akashindwa kutembea, mwisho akashindwa hata kusimama. Lakini aliona na kusikia. Akitishiwa pigo alijitahidi kulikwepa, na jitihada yote iliishia kupapatika. Flourens akahitimisha kwamba kutaka na kuhisi havikai humo. Kinachokaa humo ni upatanisho wa miendo. Wakati huo Franz Joseph Gall, mwasisi wa elimu ya kusoma tabia kwa umbo la fuvu, alikuwa akifundisha kwamba ubongo mdogo ni makao ya ashiki. Flourens hakumpinga kwa ajili ya anatomia tu. Alimuona anaikatakata nafsi, na kitabu alichokitoa miaka ya 1840 dhidi ya elimu hiyo alikitolea kwa kumbukumbu ya Descartes, aliyefundisha kwamba nafsi ni moja isiyogawanyika.

Njiwa hasemi alichokitaka. Ushahidi wa mtu ulikuja na Vita Kuu ya Kwanza, pale daktari Gordon Holmes wa jeshi la Uingereza alipowachunguza askari waliopenywa kisogoni na risasi na vipande vya mabomu. Wengi walijeruhiwa upande mmoja tu, hivyo kila mmoja alikuwa na mkono mzima wa kulinganisha na ule mbovu. Vipimo vyake vingali vikitumika. Daktari humwomba mgonjwa aguse ncha ya pua yake, kisha ncha ya kidole cha daktari, arudie tena na tena. Mkono umelala pajani, umetulia tuli. Anaunyanyua, unachelewa kidogo kuanza, kisha unakwenda. Kadiri kidole kinavyokaribia pua ndivyo kinavyoanza kuyumba, kulia na kushoto, na myumbo unazidi kuwa mpana pale hasa uangalifu unapohitajika zaidi. Kinaipita pua, kinagota kwenye shavu, kinarudishwa, kinapitiliza upande wa pili. Akikirejesha pajani, kinatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkono huu ndio ambao mgawanyo wa al-Ash'ari haukuuweka popote. Mtetemeko alioutolea mfano hutokea mwenyewe atake asitake. Unaofanana nao leo ni ule wa ugonjwa wa Parkinson, unaotingisha mkono uliopumzika na kupungua mkono unapotumwa kazi. Mtetemeko wa ubongo mdogo ni kinyume chake. Unatokea kwa sababu mwenyewe ametaka. Nia ikiondoka, nao unaondoka. Haukutakiwa, lakini hauji ila kwa kutaka. Kusema ni wa lazima tu ni kusahau kwamba bila hiari usingekuwapo. Kusema ni wa hiari ni kumbambikia mgonjwa jambo analolichukia.

Hilo haliivunji hoja ya al-Ash'ari, kwa sababu mgonjwa bado anajua nafsini mwake kwamba ametaka kuigusa pua, na analijua hilo kwa uchungu zaidi kuliko mtu mzima. Linalovunjika ni dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba mwendo wa hiari huongozwa na hiari toka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wa wagonjwa wa Holmes alieleza kwamba mkono wake mzima ulifanya mambo bila yeye kufikiri, ilhali ule ulioathirika ulimlazimu kufikiri kila hatua ya mwendo. Maelezo hayo yana uzito kuliko kurasa nyingi za falsafa ya utashi. Mkono uliobebwa na hiari kila hatua ndio uliokuwa mbovu. Ule mzima ulipewa lengo, ukaachiwa mengine.

Augustino wa Hippo, akiandika Maungamo mwishoni mwa karne ya nne katika nchi ambayo leo ni Algeria, alistaajabu kwamba roho ikiuamuru mwili hutiiwa papo hapo, lakini ikijiamuru yenyewe hupingwa. Mkono hutii kwa wepesi kiasi kwamba amri na utekelezaji wake haviachani. Mshangao wake ulielekea kwenye nusu ya pili, vita vya ndani vya mtu anayetaka wema na asiutake. Nusu ya kwanza aliichukulia kuwa nyepesi. Wepesi huo umefanyiwa kazi, na mahali unapofanyiwa kazi ni chini ya upeo wa roho aliyoichunguza kwa makini vile. Mgonjwa wa ubongo mdogo ni mtu ambaye mkono wake umeanza kumpinga kama utashi ulivyompinga Augustino, ingawa ndani yake hamna mgawanyiko wowote.

Mwanafalsafa David Hume alifika karibu zaidi. Katika uchunguzi wake juu ya ufahamu wa binadamu, wa mwaka 1748, alisema kwamba mtu hauoni uwezo unaounganisha kutaka kwake na kusogea kwa kiungo. Anaona kimoja kikifuata kingine, basi. Tena wataalamu wa mwili humwambia kwamba amri haifiki moja kwa moja kwenye kiungo, inapita kwenye misuli na neva asizozijua, hivyo kinachotendeka kwanza ni kitu ambacho hakukitaka kabisa. Nicolas Malebranche, padri Mfaransa aliyemtangulia, alikuwa ameutumia ujinga huohuo kuhitimisha kwamba Mungu peke yake ndiye mtendaji: mtu asiyeujua mpangilio wa neva zake atauendeshaje? Hume aliishia kwenye shaka, Malebranche kwenye tauhidi inayofanana sana na ya Maashari. Wote wawili walichukulia kwamba mtu hawezi kuwa mtendaji wa asilolijua. Dhana hiyo ndiyo inayopaswa kuhojiwa.

Sababu mojawapo ya kazi hii kufanyika gizani ni muda. Taarifa kutoka mkononi huchukua sehemu ya kumi ya sekunde hivi kufika ubongoni na kutumika, na mkono unaokwenda kasi umeshafika mbali. Kuuongoza kwa taarifa hizo peke yake ni kuendesha mashua kwa kutazama povu lililoachwa nyuma. Watafiti wengi sasa wanaona kwamba ubongo mdogo hutabiri: hupokea nakala ya amri iliyotumwa kwa misuli, hukadiria mwili utakuwa wapi amri ikishatekelezwa, na kulinganisha makadirio na yaliyotokea. Makosa hurekebisha utabiri unaofuata. Mtu mzima akivalishwa miwani inayohamisha picha upande mmoja na kuambiwa arushe kitu kwenye shabaha, mwanzo hukosa, baada ya mitupo kadhaa hulenga sawasawa, na akivuliwa miwani hukosa kwa upande wa pili mpaka azoee tena. Mwenye maradhi ya ubongo mdogo mara nyingi huendelea kukosa palepale, ingawa anaona wazi kwamba amekosa na anajua ni kwa kiasi gani. Kujua kosa na kujifunza kutokana nalo ni vitu viwili.

Utabiri huo umehusishwa pia na jambo la karibu zaidi na kasbu: kutofautisha kilichotoka kwa mtu mwenyewe na kilichomjia kutoka nje. Mtu hawezi kujitekenya akacheka. Mwaka 1998 Sarah-Jayne Blakemore, Daniel Wolpert na Chris Frith wa London walipiga picha za ubongo wa watu walipoguswa kiganja na walipojigusa wenyewe, wakaona ubongo mdogo ukihusika katika kuipunguza hisia ya mguso uliotabiriwa. Hata hivyo kuifanya alama ya "hili ni langu" kuwa kazi ya kiungo hiki peke yake ni kuvuka mpaka. Mgonjwa ambaye kidole chake kinagota shavuni hasemi mkono ni wa mtu mwingine. Anasema ni wangu, na haunitii.

Picha kubwa ya Ghazali kuhusu tendo imo katika Ihya Ulum al-Din, katika kitabu cha tauhidi na kutawakali. Msafiri anaiona karatasi imechafuliwa weusi na kuiuliza sababu. Karatasi inamtuma kwa wino, wino kwa kalamu, kalamu kwa mkono. Mkono unajitetea kuwa ni nyama na mifupa tu, umesukumwa na kudra. Kudra, yaani uwezo, inasema ilikuwa imetulia mpaka irada, yaani utashi, ilipoiamsha; irada inaelekeza kwa elimu na akili; na safari inapanda hivyo hadi kwa Mwenyezi Mungu. Msomaji wa leo angeuweka ubongo mdogo baina ya kudra na mkono, akaongeza kituo kimoja katika mlolongo, na safari ingeendelea juu bila kubadilika. Kwa tauhidi hiyo ni sawa; idadi ya vituo haiigusi.

Kinachobadilika ni umbo la njia upande wa chini. Ghazali alichora mstari unaoshuka, na ubongo mdogo umekaa kwenye duara. Mkono unarudisha habari, habari inarekebisha utabiri, utabiri unaubadilisha mwendo ujao. Mwanafunzi mdogo wa chuo anayeandika alifu na be kwenye ubao kwa mara ya kwanza huwa na nia katika kila mkwaruzo: anabana kalamu, anatoa ulimi, anaiangalia ncha isipotoke. Herufi inatoka imepinda. Mwalimu anaifuta, mtoto anaandika tena. Miaka ikipita, anaandika mstari mzima akiwa anafikiria maana yake, na kama angeulizwa kidole cha shahada kilifanya nini katika mkunjo wa he asingekuwa na jibu. Hapo ndipo Hume na Malebranche wanapopata jibu lao. Asichokijua mwandishi huyu leo alikitaka jana, mara elfu, kwa jasho. Mkono wake umebeba matokeo ya nia zilizokwisha kupita, nao ni wake kwa namna ambayo mkono wa mgeni hauwezi kuwa wake hata ungesogea kwa kipimo kilekile. Aristotle aliona jambo la namna hiyo katika maadili: tabia hujengwa kwa matendo, na baadaye matendo hutoka katika tabia bila kushauriana nayo upya. Uchumaji wa mja, kwa mwono huu, hauko katika nukta moja ya kutaka. Umeenea katika muda.

Si kila kitu kimechumwa hivyo. Mtoto huzaliwa na mifumo mingi tayari, kama ule unaotuliza macho kichwa kinapogeuka, ambao hujibu ndani ya sehemu ya mia ya sekunde hivi. Hata huo ubongo mdogo huunoa maisha yote. Aliyevaa miwani mipya yenye nguvu huona dunia ikielea siku chache za mwanzo, kisha inatulia bila yeye kufanya lolote la makusudi.

Katika karne ya 20 aliyeujua ubongo mdogo kwa ndani na kulijali swali la roho kwa kiwango kilekile alikuwa John Eccles wa Australia, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963 kwa utafiti wa mawasiliano ya seli za neva. Mwaka 1967 alitoa pamoja na Ito na János Szentágothai kitabu kilichoutaja ubongo mdogo kuwa ni mashine ya neva. Miaka kumi baadaye, pamoja na mwanafalsafa Karl Popper, alitoa kingine kilichotetea kwamba nafsi si ubongo na kwamba inautumia ubongo. Hakukuwa na ukinzani. Alipatafuta mahali pa kukutania nafsi na mwili katika gamba la ubongo mkubwa, na ubongo mdogo akauacha uwe mtumishi.

Mpenda maada atauliza: ikiwa asilimia 80 ya seli za neva hufanya kazi ya werevu namna hii bila roho, asilimia 20 zilizosalia zinaihitaji ya nini? Swali ni halali, ila linakata pande mbili. Mwaka 2014 madaktari wa China walieleza habari za mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa bila ubongo mdogo kabisa. Alichelewa kutembea na kusema, aliyumba, matamshi yake hayakuwa safi, lakini alikuwa na fahamu zake, ameolewa, ana mtoto. Seli nyingi kuliko zote hazikuwapo, na mtu alikuwapo. Wingi wa seli basi haufanyi kujitambua. Mtafiti Giulio Tononi na wenzake huutaja ubongo mdogo kuunga mkono nadharia yao kwamba kujitambua hutegemea namna seli zinavyounganishwa kuwa kitu kimoja: vikundi vya ubongo mdogo vimepangwa kila kimoja na njia yake, havizungumzi sana kati yao. Nayo picha ya mashine ya mwendo tupu imepunguzwa nguvu tangu daktari Jeremy Schmahmann na mwenzake walipoeleza mwaka 1998 wagonjwa ambao uharibifu wa ubongo mdogo uliwavuruga pia katika kupanga fikra, lugha na hisia.

Lililobaki ni la hukumu. Mwanatheolojia Thomas Aquinas, katika Summa Theologiae, alitenga tendo la utashi wenyewe, yaani kutaka, na tendo linaloamriwa na utashi na kutekelezwa na viungo. La pili, alisema, laweza kuzuiwa kwa nguvu. La kwanza haliwezi. Alikuwa akifikiria nguvu inayotoka nje, lakini mgawanyo wake unamfaa mgonjwa wa ubongo mdogo kuliko ule wa kutetemeka na kutaka, kwa kuwa unamwachia kutaka kwake kukiwa kuzima na kuuweka upungufu mahali ulipo. Fikihi inafika hapohapo kwa njia ya ibada. Asiyeweza kusimama husali akikaa, asiyeweza kukaa husali akilala, anayeshindwa kusujudu huashiria. Umbo la mwendo hupunguzwa kwa kadiri ya uwezo, nia haipunguzwi.

Mlevi anapepesuka kwa sababu ileile, kwani pombe huuvuruga ubongo mdogo, na vipimo vya kutembea mstari mmoja au kugusa pua hutumika barabarani kama vinavyotumika hospitalini. Ndiyo maana wenye maradhi haya hudhaniwa walevi na kuaibishwa mbele za watu. Aristotle aliikumbuka sheria ya Pittacus wa Mytilene iliyomwadhibu mara mbili mlevi aliyekosa, kwa kuwa kulewa au kutokulewa kulikuwa mikononi mwake. Mwendo ni uleule, kiungo kilichoharibika ni kilekile, na tofauti haipatikani kwa kuuchunguza ubongo mdogo; imo katika kilichotangulia. Nayo aya ya 43 ya Suratun Nisaa, inapowakataza waumini kuikaribia sala wakiwa wamelewa, haisemi mpaka hatua zao zinyooke. Inasema mpaka wayajue wanayoyasema, na hilo mgonjwa mwenye ulimi mzito hajawahi kulikosa.